Mlinzi Juu ya Gari, Mwizi Ndani ya Gari: Uhakiki wa Hadithi za Msako wa Marekani Magharibi

Iko picha moja ambayo watazamaji wa sinema katika miji yetu waliizoea tangu kabla ya uhuru. Gari la farasi linakuja mbio katika nchi kame, nyuma yake limeacha wingu la vumbi. Juu, ubavuni mwa mwendeshaji, ameketi mtu aliyepakata bunduki ya marisau. Chini ya miguu yao pana sanduku. Nyuma ya jabali wanasubiri wanyang'anyi waliojifunika nyuso kwa vitambaa. Kabla risasi ya kwanza haijalia, mtazamaji wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Nairobi alikwisha kujua amshangilie nani na amzomee nani. Hakuambiwa na mtu. Picha yenyewe ilikwisha kumchagulia upande.

Makala haya yanakusudia kuichunguza picha hiyo, yaani hadithi ya mlinzi wa gari la farasi na ya kundi la raia wanaokusanywa kumfuatia mnyang'anyi, kundi ambalo hapa tutaliita kundi la msako. Huenda msomaji akauliza: hadithi za Wamarekani zatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba hadithi hizi zilivuka bahari na kuingia katika michezo ya watoto wetu, katika majina ya utani ya vijana na katika namna tunavyomfikiria mtu shujaa. Kitu kilichokwisha kuingia nyumbani hakiwi tena mali ya mgeni peke yake. Hapana budi tukitazame.

Dai letu ni hili. Nguvu ya hadithi ya gari la farasi haitokani na bunduki wala na mbio za farasi. Inatokana na mahali ilipomketisha mtazamaji. Imemweka juu, kando ya mlinzi, na kumfundisha kutazama nje: jabalini, bondeni, katika upeo wa macho ambako adui anatarajiwa kutokea. Anayetazama nje muda wote hana nafasi ya kutazama ndani ya gari. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kazi bora zilizotokana na fani hii ni zile chache zilizothubutu kugeuza macho ya mlinzi yaelekee ndani.

Kazi ya mlinzi

Ili tuihakiki hadithi, tuanze na mambo yenyewe yalivyokuwa. Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, na watu wengi wakamiminika huko. Nchi haikuwa na reli, ilhali palikuwa na haja kubwa ya kusafirisha dhahabu, barua na abiria. Kampuni ya Wells Fargo iliundwa mwaka 1852. Mwaka 1858 John Butterfield alianza kupeleka barua za serikali kutoka Missouri hadi San Francisco, mwendo wa maili 2,800 hivi, kwa siku zisizozidi 25. Na mkataba wake na serikali ulikuwa wa dola 600,000 kwa mwaka. Tangu mwanzo, basi, gari la farasi halikuwa ishara ya mtu huru anayejitafutia njia nyikani, kama sinema zinavyopenda kutuonyesha. Lilikuwa chombo cha mtaji mkubwa, kikisaidiwa na fedha za umma.

Gari lililosifiwa kuliko yote liliundwa katika mji wa Concord, jimbo la New Hampshire. Bodi lake lilining'inizwa juu ya mikanda minene ya ngozi, likawa linayumba njia nzima kama mashua. Abiria 9 waliweza kubanana ndani, katika mabenchi matatu. Mbele, karibu na miguu ya mwendeshaji, ndipo palipowekwa sanduku la hazina: la mbao, limefungwa kwa mapande ya chuma, limepakwa rangi ya kijani.

Sasa tumtazame mlinzi. Sinema hutuaminisha kuwa alikuwa mlinzi wa abiria: wa bibi aliye mjamzito, wa mtoto, wa mzee. Sivyo ilivyokuwa. Mlinzi aliajiriwa na kampuni alifuate sanduku. Palipokuwa na dhahabu nyingi, alipanda. Sanduku lilipokuwa na kitu kidogo, gari aghalabu lilikwenda bila mlinzi, hata kama limejaa watu. Uhai wa abiria ulilindwa kwa sababu tu ulisafiri kando ya mali. Jambo hili dogo likieleweka, hadithi nzima hubadilika sura.

Wapelelezi wa Wells Fargo, James Hume na John Thacker, walitoa taarifa kuhusu miaka 14, tangu Novemba 1870 hadi Novemba 1884. Katika muda huo magari yaliporwa mara 313, na majaribio 34 yakashindwa. Mali iliyoibwa ilifika karibu dola 415,000. Lakini hasara yote iliyohesabiwa, pamoja na zawadi zilizotolewa, kesi zilizoendeshwa na mishahara ya walinzi na wapelelezi, ilizidi dola 900,000. Kwa maneno mengine, kuwalinda na kuwasaka kuliigharimu kampuni fedha nyingi zaidi kuliko walichoiba wanyang'anyi wenyewe. Na vifo je? Walinzi waliouawa walikuwa 2, na waendeshaji 4. Sinema moja ya kawaida huua watu wengi kuliko hao kabla mtazamaji hajamaliza njugu zake.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba hatari haikuwapo. Usiku wa tarehe 15 Machi 1881, gari lililotoka Tombstone, Arizona, likiwa na fedha za thamani ya dola 26,000 hivi, lilisimamishwa njiani. Mlinzi, Bob Paul, alikuwa amebadilishana kiti na mwendeshaji, Bud Philpott, na ndiye aliyeshika hatamu. Risasi ikampata Philpott, aliyekaa kwenye kiti cha mlinzi, akafa. Abiria mmoja aliyekuwa juu ya gari, Peter Roerig, naye akauawa. Farasi waliposhtuka na kutimka, Paul alifanikiwa kuwadhibiti, na fedha hazikuchukuliwa. Kundi la msako lilikwenda siku nyingi nyikani, likamkamata mtuhumiwa mmoja, naye akatoroka mikononi mwa serikali. Baada ya hapo watu wa sheria wakaanza kushutumiana wao kwa wao, na shutuma hizo zikachangia uhasama uliolipuka mjini humo tarehe 26 Oktoba 1881, katika mapigano ya bunduki ambayo sinema zimeyarudia mara nyingi. Yaani gari liliokoka, sanduku likaokoka, maskini wawili wakafa, na walinzi wa sheria wakageukiana. Habari hii ina uchungu kuliko hadithi yo yote ya kubuni, kwa sababu haikumpa mtu ushindi.

Mfano wa pili ni wa mnyang'anyi aliyejiita Black Bart, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Boles. Kati ya mwaka 1875 na 1883 alipora magari ya Wells Fargo mara 28. Alikwenda kwa miguu, kichwa kimefunikwa gunia la unga lililotobolewa matundu ya macho. Hakufyatua risasi hata moja, wala hakutaka mali za abiria, alitaka sanduku. Misako iliyotumwa ilirudi mikono mitupu. Siku ya mwisho alijeruhiwa, akakimbia na kuacha leso. Pembeni mwa leso palikuwa na alama ndogo ya dobi. Mpelelezi Harry Morse alizunguka katika nyumba za madobi wa San Francisco, zilizokuwa 90 hivi, hata akampata dobi aliyeijua alama hiyo. Mnyang'anyi aliyeitisha California yote alikutwa ni bwana mtanashati wa makamo, mkazi wa mjini, anayejulikana kwa adabu zake.

Tulitafakari jambo hili. Wapanda farasi walimtafuta milimani, ilhali yeye aliishi mjini na kupeleka nguo zake kwa dobi kama waungwana wengine. Aliyemnasa hakuwa mpiga bunduki hodari. Alikuwa mtu mvumilivu aliyekwenda mlango kwa mlango na kuuliza. Lakini ni sinema ngapi zimewahi kumfanya dobi kuwa shujaa? Fani yenyewe haimtaki. Fani inataka vumbi.

Gari lageuzwa mchezo

Mwaka ule ule wa 1883, Black Bart alipokamatwa, William Cody aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill alianzisha maonyesho yake makubwa. Mojawapo ya vitu vilivyopendwa mno katika maonyesho hayo ni gari halisi la farasi la njia ya Deadwood, likishambuliwa mbele ya hadhira na kuokolewa. Mwaka 1887 maonyesho yalifika London, na watu wa jamaa za kifalme wakapanda gari hilo wakashambuliwa kwa mchezo na kuokolewa kwa mchezo.

Mhakiki hapaswi kupita hapa haraka, kwa maana hapa ndipo jambo kubwa lilipotendeka. Katika taarifa za Wells Fargo, walioshambulia gari kwa sababu ya sanduku walikuwa hasa wanyang'anyi wa kawaida, wengi wao raia wa nchi ile ile. Katika uwanja wa maonyesho washambuliaji wakawa wenyeji wa asili, watu waliokuwa wakinyang'anywa ardhi yao. Hivyo mwizi akabadilishwa. Aliyeporwa nchi akavikwa vazi la mporaji, na gari lililopita katika ardhi yake bila ruhusa yake likavikwa vazi la mnyonge. Tena wenyeji wenyewe waliajiriwa kuuigiza uongo huo. Sinema ilipozaliwa, iliukuta uongo huu umekwisha kukomaa, ikaurithi.

Msako na sheria

Kabla ya kuziangalia filamu, yafaa tueleze asili ya kundi la msako. Lilitokana na sheria ya kale ya Uingereza iliyompa sherifu uwezo wa kuwaita wanaume wa wilaya yake wamsaidie kukamata mhalifu. Katika mji mdogo usio na polisi, utaratibu huo ulikuwa na maana: usalama wa wote ukawa jukumu la wote. Hii ndiyo sura ambayo hadithi hupenda kuitangaza, na haina budi kukubaliwa kuwa ni sura moja ya kweli.

Lakini upo upande wa pili. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka. Sheria hiyo iliwaruhusu maofisa kumwita raia ye yote aliye karibu ajiunge na msako wa kumkamata mtumwa, na ikaamuru raia wema wote wasaidie. Aliyemficha mtoro au kuzuia asikamatwe aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 6. Hakimu aliyemrudisha mtu utumwani alilipwa dola 10. Aliyemwachia huru alilipwa 5. Kwa hiyo chombo kile kile kinachoonyeshwa katika sinema kama nguvu ya watu wema dhidi ya mhalifu kiliwahi kuwa, kwa amri ya sheria, nguvu ya kumwinda binadamu aliyekosa jambo moja tu: kutaka kuwa huru. Hadithi ya msako isiyokumbuka jambo hili ni hadithi nusu.

Filamu tatu

Katika sinema nyingi za aina hii tumechagua tatu, kwa kuwa zinaonyesha ngazi tatu za fikira.

Ya kwanza ni filamu ya Edwin Porter ya mwaka 1903 kuhusu uporaji mkuu wa treni, yenye urefu wa dakika 12 hivi. Hapo gari la farasi limekwisha kugeuka garimoshi, lakini mambo mengine yote ni yale yale. Wanyang'anyi wanamfunga karani wa simu ya waya na kulipora garimoshi. Binti mdogo anamfungua karani, naye anakimbilia katika ukumbi wa ngoma. Wanaume wanaacha kucheza, wanachukua bunduki na kutoka kwenda kuwafuatia wanyang'anyi, ambao hatimaye wanauawa wote. Hapana kesi, hapana swali, hapana shaka. Kutoka ngoma hadi kuua ni hatua moja. Kifani, filamu hii ilikuwa fundisho kubwa kwa ulimwengu juu ya namna ya kusimulia kwa picha. Kimaudhui, iliweka kanuni ambayo sinema za baadaye zimeifuata kwa utii: msako haukosei.

Ya pili ni Stagecoach ya John Ford, iliyotolewa mwaka 1939. Hapa tunakutana na kazi ya msanii mkubwa, nayo inastahili kusomwa kwa makini. Gari linatoka mji wa Tonto kwenda Lordsburg. Ndani mna kahaba anayefukuzwa mjini na mabibi wenye kujiona watakatifu. Mna daktari mlevi. Mna mke wa ofisa wa jeshi, naye ni mjamzito. Mna mcheza kamari, mwuza pombe, na bwana mmoja mnene wa heshima, Gatewood, mwenye benki. Juu, kwenye kiti cha mlinzi, ameketi ofisa wa sheria. Kwa nini ofisa mkuu afanye kazi ya mlinzi? Kwa sababu mlinzi wa kawaida hayupo; amekwenda na kundi la msako kumtafuta kijana Ringo, aliyetoroka jela ili akalipize kisasi cha baba yake na ndugu yake.

Na Gatewood je? Mkoba alioushika una dola 50,000, mishahara ya wafanyakazi wa mgodini iliyowekwa amana katika benki yake. Anaiba na kutoroka nayo. Njia nzima anawahubiria wenzake juu ya biashara safi, analalamika kuwa serikali inaingilia mambo ya benki, anataka nchi itawaliwe na mfanyabiashara. Basi tazama jinsi Ford alivyoupanga msuko wake. Walinzi wote na wasakaji wote wanatazama nje. Wanamtafuta kijana maskini, wanawaogopa Waapache. Mnyang'anyi mkubwa kuliko wote amekaa kwenye benchi, amepakata mzigo wake, na anaheshimiwa kwa kuwa ana kofia nzuri na sauti ya kuamrisha. Anayedharauliwa ni kahaba, ambaye hakumwibia mtu. Na mwisho wake Gatewood hakamatwi na msako. Anakamatwa kwa sababu nyaya za simu zilizokuwa zimekatwa zimetengenezwa, na habari imemtangulia. Dobi wa San Francisco angecheka.

Kwa hiyo Stagecoach ni kazi iliyogeuza macho ya mlinzi. Hata hivyo haikuyageuza kabisa, na mhakiki mwenye haki hana budi kusema hivyo. Waapache wanaolishambulia gari hawapewi hata neno moja. Hatujui wametoka wapi, wala wamenyang'anywa nini. Wanatokea juu ya kilima kama mawingu ya mvua, wanaanguka kutoka kwenye farasi mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayewahesabu. Filamu ilipigwa kwa sehemu katika Monument Valley, ardhi ya Wanavajo, na Wanavajo wenyewe ndio walioajiriwa kuigiza Waapache wanaouawa. Ford aliona unafiki wa tabaka la mabwana ndani ya gari, akaupiga fimbo bila huruma. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba gari zima na njia yake yote vilikuwa juu ya ardhi ya mtu. Geronimo, ambaye jina lake linatumiwa katika filamu kuwatisha abiria, alisalimu amri mwaka 1886 na kubaki mfungwa hadi alipokufa mwaka 1909. Hayo hayamo katika filamu.

Ya tatu ni The Ox-Bow Incident, iliyoongozwa na William Wellman, ya mwaka 1943, kutokana na riwaya ya Walter Van Tilburg Clark ya mwaka 1940. Habari inafika kijijini kwamba mfugaji ameuawa na ng'ombe wake wameibwa. Sherifu hayupo. Kundi la msako linaundwa kwa hasira na kwa pombe, likiongozwa na mtu anayejiita meja. Ni watu saba tu wanaokubali kusimama upande wa sheria, na mmojawapo ni mhubiri Mweusi. Watu watatu wanakamatwa usiku, wanahojiwa karibu na moto, na alfajiri wananyongwa. Wasakaji wanaporudi wanakutana na sherifu, naye anawaambia kwamba mfugaji hakufa.

Katika filamu hii limo tukio moja ambalo kwetu sisi ndilo ufunguo wa fani nzima. Kundi la msako likiwa mlimani usiku, gari la farasi linatokea. Mlinzi aliye juu yake anawaona wapanda farasi wenye bunduki, anadhani ni wanyang'anyi, anafyatua risasi na kumjeruhi mmoja wao. Watazamaji wengi hulichukua tukio hili kuwa ajali tu. Sisi tunaona kwamba mlinzi, bila kujua, alisema kweli. Aliwaona wauaji, akawaita wauaji. Kabla ya mapambazuko watu wale walikuwa wamewaua watu watatu wasio na hatia. Katika sinema nzima hakuna jicho lililoona sawasawa kuliko jicho la yule mlinzi aliyedhaniwa kukosea.

Waliofutwa

Yapo makosa ya kusema uongo, na yapo makosa ya kunyamaza. Sinema za gari la farasi zimefanya yote mawili, na pengine la pili lina madhara makubwa zaidi. Bass Reeves alizaliwa mtumwa katika jimbo la Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alitoroka, akaishi miongoni mwa wenyeji wa asili na kujifunza lugha zao. Mwaka 1875 aliajiriwa kuwa ofisa wa mahakama ya shirikisho ya Fort Smith, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1907. Hakujua kusoma, alikariri hati za kukamatia watu kwa kusomewa. Inahesabiwa kwamba aliwakamata watu zaidi ya 3,000, akiwemo mwanawe mwenyewe aliyetuhumiwa kumwua mkewe. Mtu ambaye sheria ya 1850 ingemwita windo ndiye aliyekuja kuongoza misako. Mwaka 1907 eneo alilolitumikia lilipofanywa kuwa jimbo la Oklahoma, sheria ya kwanza ya baraza jipya ilikuwa ya kuwatenga Weusi na Weupe katika mabehewa ya reli. Waliolindwa naye hawakutaka kuketi naye.

Naye Mary Fields, aliyezaliwa mtumwa huko Tennessee, alipata mwaka 1895 mkataba wa kupeleka barua kutoka mji wa Cascade, Montana, hadi misheni ya Mtakatifu Petro, naye alikuwa mwanamke wa makamo aliyekwisha kupita umri wa miaka 60. Aliendesha gari na farasi wake miaka 8, katika theluji na upepo, na silaha yake karibu. Hao wawili wangeweza kujaza sinema kumi. Kwa miaka mingi sinema ziliwafuta, na mtoto wa Kiafrika aliyekaa katika giza la jumba la sinema akatoka nje akiamini kwamba katika hadithi ile hapakuwa na mtu wa kufanana naye. Wakati akicheza na wenzake, alilazimika kuazima sura ya mwingine ili awe shujaa.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba tunaitwisha sinema mzigo usio wake. Kwamba watu huenda kustarehe, si kusomeshwa. Hoja hii ina uzito wake. Mbio za farasi zinapendeza, na hakuna dhambi katika kupenda kitu kizuri. Ford alijua kupiga picha ya mbingu na jangwa kwa namna ambayo mshairi angemwonea wivu. Lakini starehe si mlango uliofungwa; mawazo hupita humo kwa urahisi kuliko katika darasa, kwa maana mtu anayecheka hakukunja ngumi. Na fikira kwamba kundi lenye hasira haliwezi kukosea si fikira ya kuchezea. Sisi pia tunaijua sauti ya "Mwizi! Mwizi!" inayopigwa sokoni, na tunajua jinsi mikono inavyotangulia masikio. Aliyewahi kuona mtu akipigwa kwa kosa alilotenda mwingine hahitaji kufafanuliwa habari ya wale watatu walionyongwa.

Basi waandishi wetu na waongozaji wetu wa filamu, wanapotunga hadithi za upelelezi na za ujambazi, wasiridhike kuchukua lile gari la farasi na kulibadilisha rangi. Wajiulize maswali matatu ambayo kazi bora za Wamarekani wenyewe zimetufundisha. Sanduku ni la nani, na lilipatikanaje? Mlinzi ameajiriwa amlinde nani? Na kundi linapotimua vumbi kwenda mbali, ni nani aliyebaki ameketi kimya, amepakata mkoba wake?